Kikosi cha Msungo

Miaka ile yote niliyokuwa mlezi wa skauti, watu wa Mtama waliniuliza swali moja tu: "Unalipwa nini?" Hawakuuliza watoto wanajifunza nini. Hawakuuliza kambi ilikuwaje, wala yule mtoto aliyeumwa na nge anaendeleaje. Unalipwa nini, basi. Nikijibu kwamba silipwi, wanacheka puani na kuniangalia kama mtu aliyeficha gunia uvunguni.

Ndiyo kwanza soko huria lilikuwa limeingia, na limeingia kweli. Chama cha ushirika ambako nilikuwa karani wa mizani kilibaki jengo na popo. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na malori yao, maduka yakajaa sabuni ambazo zamani tulizipangia foleni, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya mnada. Sisemi yote yalikuwa mabaya, sabuni nilinunua na mimi. Lakini kila kitu kilikuwa na bei, hata salamu. Mtu akikusalimia mara mbili asubuhi moja, ujue ana shida. Mimi, kazi ilipokufa, nikawa nakaanga vitumbua asubuhi, na Jumamosi alasiri nakwenda uwanja wa shule kulea skauti bure. Watu waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba nakula hela za wazungu. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Ulezi nilijifunza Lindi mjini, kwenye mafunzo mafupi, chini ya mkufunzi mmoja mkavu asiyejua kutabasamu. Alitufundisha jambo moja na kulirudia mpaka tukamchoka. Kikosi ni cha vijana. Wao wanachagua viongozi wao, viongozi wanakaa baraza, na baraza likiamua limeamua. Mlezi anakaa pembeni, anafunga mdomo, mpaka aone mtu anakaribia kufa. Mwalimu mmoja akamuuliza, na wakikosea je?

"Watakosea," akasema. "Ndiyo masomo yenyewe."

Kusema ni rahisi. Kwetu mtoto akiwa mbele ya wakubwa anatoa shikamoo, anapokea marahaba, anaondoka. Hana baraza huyo. Kambi yetu ya kwanza tuliifanya bondeni, kando ya mto Lukuledi, na baraza liligawana mizigo: huyu sufuria, huyu unga, huyu maharage, huyu kamba. Chumvi hakupewa mtu. Niliona. Nilikaa pale ulimi unaniwasha, naiona ile kambi isiyo na chumvi inakuja, nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa. Tukala maharage chapwa mpaka kambi ilipovunjwa. Wazazi walinijia juu nyumbani kwangu: "Wewe mtu mzima si ulikuwapo?" Nilikuwapo. Kambi iliyofuata watoto hao walibeba chumvi ya kutosha kukaushia samaki wa Lindi nzima.

Lakini ile siku ya maharage kulitokea jambo lingine, na hilo ndilo lililotuletea yote. Watoto walikuwa wameanza kutupiana lawama, fulani ndiye, hapana fulani ndiye, wakasimama wawili watatu tayari kushikana mashati. Msichana mmoja, kiongozi wa kikundi cha jikoni, akasimama na sufuria mkononi akasema, "Chumvi nimesahau mimi. Piganeni na mimi, au mle." Wakala. Alikuwa mrefu, mweusi tii, sauti nzito isiyofanana na umri wake, kidato cha pili wakati ule. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mlokole, wa lile kanisa jipya lililokuwa likisali chini ya turubai. Kikosi kilipofikia kuchagua kiongozi mkuu, kilimchagua yeye. Hakuna aliyepiga kampeni wala kugawa pipi. Waliinua mikono tu.

Aliyeshindwa alikuwa mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa korosho. Na mtoto mwenyewe hakununa, akakubali kuwa msaidizi wake na kazi ikaenda. Aliyenuna ni baba.

Huyu bwana zamani alikuwa mbeba magunia kwenye mizani yangu pale ushirika. Sikumdharau wakati ule, na sikumdharau alipopata lori. Yeye ndiye aliyetununulia vitambaa vya sare, kaki nzuri nzito, na skafu juu yake, na siku ya kuzitoa aliwapanga watoto mstari juani mpaka mpiga picha alipofika. Nilimshukuru, sare zilitusaidia. Kumbe mwenzangu alijua anachonunua. Alinifuata nikiwa na beseni langu la vitumbua.

"Dada, nguo nimewavalisha mimi, halafu mwanangu asimame nyuma ya mtoto wa mwashi?"

"Kaka, sikuchagua mimi. Limechagua baraza."

"Baraza la watoto." Akacheka, akawageukia waliokuwa wananunua ili nao wacheke, wakacheka. "Dada yangu, wewe si mtu mzima? Sema neno moja tu litakwisha."

Hilo neno moja ndilo nisingelisema. Nilimwambia hivyo. Akaokota kitumbua, akala, akaenda zake bila kusema asante.

Haukupita muda akapata la kushika. Kwetu mtu asiyepitia jandoni, na mwanamke asiyechezwa unyago, anaitwa msungo. Si jina la mzaha. Msungo ni mtoto hata akiwa na mvi, hajafundwa, hajui kukaa na watu, haketi panapoketi waliofundwa. Mimi mwenyewe nimechezwa, na mama yangu ni kungwi, amewacheza wasichana wa nusu ya vijiji vya huku. Siwezi kuitukana ngoma iliyonilea. Yale niliyofundwa yamenisimamisha mahali pengi ambapo ningeanguka. Sasa yule mwashi, kwa ulokole wake, alikuwa amekataa binti zake kuchezwa. Hiyo ilikuwa siri ya nani? Watoto wote kikosini walijua, pamoja na wasichana waliokwisha kuchezwa, na walimchagua vilevile.

Yule bwana akaanza kwenye benchi la kahawa. Watoto wetu tumewacheza kwa gharama, tumewatoa, ni watu, leo waamrishwe na msungo? Awaambie geuka wageuke? Ikatoka kwenye kahawa ikaenda kwenye mnada, ikatoka mnadani ikaingia majumbani. Na waliokuwa wakiisema ni wanaume. Hapo ndipo hasira yangu ilipofika kooni. Unyago ni mambo ya wanawake, mwanamume hayasemi hadharani, hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza. Leo wanaume wazima na kofia zao za kufuma wanakaa barazani, wanakunywa kahawa, wanahesabiana mabinti wa watu, huyu kachezwa, huyu hajachezwa. Hao ndio walinzi wa mila. Mila waliyoivunja wenyewe midomoni mwao, wakimtafutia mtoto wa kike kosa.

Wakati huo sisi tulikuwa na safari. Kikosi kilikuwa kimealikwa kambini Kilwa Kisiwani, likizo ya mwezi wa sita, pamoja na vikosi vya wilaya nyingine. Wengi wa watoto wetu walikuwa hawajaiona bahari. Yule msichana alikuwa ameipanga safari ile mpaka nikawa naona haya, kwa kuwa mimi nisingeweza. Nani akae na wadogo kwenye lori. Wapumzike Lindi mjini wakati wa kupita au wasipumzike. Pale Masoko pa kuvukia, nani aingie kwenye mashua ya kwanza na nani abaki, maana asiyejua kuogelea asikae pamoja na wenzake wasiojua, kila mmoja akae ubavuni kwa anayejua. Alikuwa amewapeleka mtoni akawapima mmoja mmoja. Hakutaka kitu kingine duniani ila kuwafikisha watoto wale kisiwani na kuwarudisha wakiwa wazima. Aliniambia hivyo kwa maneno hayohayo, tukiwa tunakunja turubai.

Jumamosi moja wazazi wakaja kwenye baraza, na yule bwana mbele yao. Desturi yetu mgeni anakaribishwa, anakaa, anasema akipewa nafasi. Msichana akasimama, akapiga goti kidogo.

"Wazazi wetu, shikamooni."

"Marahaba."

"Karibuni mkae. Baraza likimaliza litawapa nafasi."

Yule bwana hakukaa. Akaanza kuongea, kwamba hawa ni watoto wetu na nguo hizi mnazoziona kazinunua yeye. Yule msichana akamsubiri avute pumzi, kisha akamwambia, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo siku ile, "Baba, tafadhali, subiri kidogo."

Sidhani kama bwana yule aliwahi kuambiwa subiri na mtu yeyote tangu anunue lori. Alisubiri. Nilimwangalia akisubiri na nakiri niliburudika.

Msichana akajiondoa mwenyewe kwenye kiti, kwa kuwa shauri lilikuwa lake, akamwachia msaidizi wake, ambaye ni nani? Ni mtoto wa bwana huyohuyo. Kijana akauliza mbele ya baba yake: kiongozi wetu amefanya kosa gani kikosini? Kikundi kwa kikundi wakajibu. Hana. Hana. Kikundi kimoja kikasema ana kosa, anawakagua kucha kupita kiasi. Wakapiga kura abaki, na kijana naye akainua mkono wake, ameuinua lakini macho yako chini.

Kisha wazazi wakapewa nafasi. Yule bwana akasema neno moja tu, polepole, huku anajifuta mikono kwa leso. "Tutaona."

Mtu wa mbali angedhani yamekwisha. Mtu wa huku anajua "tutaona" ni nini. Ilikuwa karibu na msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na tangu ushirika ufe, salfa unaipata wapi? Kwake. Usipopulizia, ugonjwa unakula maua, na mwaka huo huna shule ya mtoto wala bati. Hakuwa na haja ya kumtisha mtu. Alipita nyumba kwa nyumba anasalimia, anauliza hali ya mikorosho, anauliza na watoto, wale wa skauti, bado wanaamrishwa na yule binti? Anaaga. Basi.

Nilikwenda kwa mama yangu nikamweleza. Alikuwa anapeta mtama, hakuacha kupeta.

"Mlete nimcheze," akasema. "Likizo hii hii. Yaishe."

Na mimi, kwa kutaka yaishe, nikampelekea maneno. Nilimkuta msichana anamsaidia baba yake kusogeza matofali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Mama mlezi, baba anakataza kwa ajili ya dini yake. Mimi nina langu. Nikichezwa ili nipewe kikosi, wenzangu waliochezwa kwa heshima nitawatazama vipi?"

Nikamrudishia mama jibu hilo. Akasema, "Kaidi huyo," akaendelea na ungo wake. Lakini kesho yake alijifunga kanga mbili, akaenda dukani kwa yule bwana kununua kipande cha sabuni, duka limejaa watu, na alipopewa sabuni hakuondoka.

"Mwanangu, nasikia siku hizi wewe ndiye kungwi."

Watu wakaguna.

"Mama yako nilimcheza mimi. Na dada zako. Kama siku hizi ya unyago yanasemwa barazani, niambie, nianze na ya kwenu."

Tangu siku hiyo neno msungo halikutoka tena kinywani mwake. Nilicheka wiki nzima. Nilidhani tumeshinda, mjinga mimi, kama vile neno ndilo lilikuwa shida. Neno lilikufa na salfa ikabaki stoo.

Jumamosi iliyofuata watoto wakaja nusu. Nyingine, robo. Na hakuna mzazi aliyesema sababu. Huyu anaumwa. Huyu kaenda kwa bibi yake. Huyu anasaidia shambani, na shamba lenyewe halina hata jani la kupalilia. Wangenitukana ningewaelewa. Wananiambia "mama mlezi karibu chai" na mtoto wao yuko chumbani, kandambili zake ziko mlangoni naziona. Nilikunywa chai hizo. Watu ambao watoto wao walirudi kutoka kwangu wanajua kuwasha moto kwenye mvua, wanajua kufunga mfupa uliovunjika, wanajua kusema "nimekosa mimi". Wote, kwa ajili ya mtu mmoja mwenye salfa, wakawafungia ndani. Siwalaumu kwa umaskini. Nawalaumu kwa ile chai, na mpaka leo sijasamehe.

Kijana wa yule bwana alikuja kuniambia miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe ameshakuwa baba, kwamba siku ya Jumamosi ya mwisho baba yake alimfungia stoo, kwenye salfa, na kwamba alisikia filimbi kutoka uwanjani. Nilimpa kitumbua.

Jumamosi hiyo ya mwisho ilikuwa wiki moja kabla ya safari. Nilifika uwanjani saa kumi nikiwa na maneno yangu tayari, ya kumtuliza mtoto. Uwanja mtupu, mbuzi wawili golini. Yeye alikuwepo, sare imenyooshwa, skafu shingoni, bendera amekwisha kuifunga kwenye kamba. Nilipomwona hivyo maneno ya kutuliza yakaniishia, ikabaki hasira. Nikamwambia nakwenda sasa hivi, nyumba kwa nyumba, nitawatoa watoto wale kwa mikono yangu na huyo mwenye lori nitamwambia la mama yake na la baba yake.

"Mama mlezi," akasema, "kuita kikosi ni kazi yangu."

Akapiga filimbi. Ndefu, fupi, ndefu. Akangoja. Akapiga tena. Barabarani watu waliokuwa wanatoka mnadani wakasimama na mizigo yao kuangalia. Hakuna mtoto aliyetokea.

"Kikosi," akaita, kwa ile sauti yake, "kusanyika."

Alikuwa ananitazama mimi. Nikageuka kuangalia nyuma yangu nani amekuja. Hapakuwa na mtu.

Nikaenda kusimama mstarini. Mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, kandambili, harufu ya mafuta ya vitumbua. Mtoto wa kungwi. Barabarani mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha kunikejeli, wakaangua kicheko. Msichana hakugeuza shingo.

"Mguu pande. Mguu sawa."

Kandambili moja ikachomoka ikaruka. Nikaiacha hukohuko. Akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto, akanitembeza mpaka golini kwa mbuzi na kunirudisha, na kila alichosema nilikifanya, nikapiga mguu chini kwa nguvu ili wale wa barabarani wausikie, wanione vizuri aliyechezwa anavyoamrishwa na asiyechezwa, na mbingu haianguki. Kicheko kikapungua. Alipokuja kunikagua akanishika vidole.

"Unga."

"Nimetoka kukanda."

"Usirudie."

Tukapandisha bendera. Tukasema ahadi, sauti mbili. Tukaishusha, tukaikunja pamoja, akaiweka kifuani. Kisha akarudi mbele, akasimama wima.

"Kikosi. Wiki ijayo hatuendi Kisiwani. Wasalimieni nyumbani. Asanteni kwa kuja." Akanyoosha skafu. "Kikosi, tawanyika."

Wakati wa kutawanyika skauti anageuka kulia, anapiga mguu, anaondoka, hasimami kupiga soga. Mimi sikuondoka. Nilimfuata pale aliposimama, nimenyoosha mikono nimkumbatie, kwa sababu kidevu chake kilikuwa kinacheza na alikuwa mtoto, jamani, alikuwa mtoto tu.

"Mama mlezi," akasema. Sauti ilikuwa imekatika. "Nimesema tawanyika."

Nikapiga mguu, nikaondoka. Nililia njia nzima kwa hasira, mguu mmoja peku, nikapita mbele ya duka la yule bwana na watu wake wote, na sikugeuka nyuma kumwangalia, kwa sababu sikuwa nimeamriwa nigeuke.